Mficha Maradhi: Historia ya Kutua Salama Katika Sayari ya Mirihi



Kila kinapotua kigari cha roboti katika sayari ya Mirihi, televisheni hutuonyesha picha ile ile: ukumbi mmoja wa California, watu wamevaa fulana za rangi moja, wanaruka, wanakumbatiana, wengine wanalia machozi. Halafu na sisi tunaanza. Mmoja atasema, "Wenzetu wana pesa bwana." Wa pili atasema, "Wenzetu wana akili." Wa tatu atauliza kwa nini pesa zile zisichimbiwe visima vya maji.

Suala la visima ni la haki na linastahili mjadala wake peke yake. Leo nataka kuyachukua yale mawili ya mwanzo, kwa sababu nikiitazama historia ya jambo hili naona hayatoshi. Warusi walikuwa na pesa na akili, na vyombo vyao vimelala kule vipande vipande. Watu wa Ulaya wanazo zote mbili, nao hawajapata kutua wakafanya kazi. Wamarekani wenyewe wameangusha. Sasa huyu anayetua salama, ni kipi khasa kinachomtua?

Hoja yangu ni kwamba kutua salama Mirihi kumejengwa juu ya ajali zilizochunguzwa na kuandikwa waziwazi, kila mwenye macho akasoma. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika historia hii methali hiyo imefanya kazi mara kwa mara, na gharama yake inahesabika.

UGUMU WENYEWE

Kwanza tuelewane ugumu uko wapi. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo chombo kinashuka kwa nguvu ya injini tu, toka juu mpaka chini. Duniani hewa ni nzito, parachuti inatosha kumteremsha mtu mpaka miguu ikagusa ardhi. Mirihi iko katikati, na huko katikati ndiko kubaya. Hewa yake haifiki asilimia 1 ya hewa yetu. Inatosha kukiunguza chombo kinachoingia kwa kasi ya kilomita 19,500 kwa saa, lakini haitoshi kukisimamisha. Hata ukifungua parachuti pana namna gani, bado unashuka kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, yaani kasi inayoipita gari yoyote ya barabarani kwetu.

Basi ndio maana chombo cha Mirihi kinabeba vitu vitatu: ngao ya joto kama ya chombo kinachorudi duniani, parachuti, na injini au kinga nyingine ya kumalizia. Kila kimoja kishike zamu yake, kisha kimwachie mwenziwe kwa wakati wake. Zamu zote hizo zinamalizika kwa dakika kama 7 hivi. Ikikosewa moja, zilizobaki hazina faida.

Jambo la pili ni umbali. Wazee wetu wa Unguja wanakijua kituo cha Wamarekani cha Tunguu, kilichojengwa mwaka 1960 kwa ajili ya mradi wa Mercury, kikazua maandamano ya siasa kabla hakijafanya kazi, na kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia, Tunguu ilikuwa moja ya vituo vilivyozungumza naye alipokuwa anapita juu. Aliuliza akajibiwa, kwani alikuwa kilomita mia chache tu juu ya vichwa vyao.

Kwa Mirihi hilo halipo. Siku Perseverance ilipotua, tarehe 18 Februari 2021, sayari ile ilikuwa mbali kiasi cha kilomita milioni 204, na mawimbi ya redio yalichukua dakika 11 na sekunde 22 kufika kwetu. Kutua kunachukua dakika 7. Fanyeni hesabu. Habari kwamba chombo kimeingia hewani ilipofika Pasadena, kule kigari kilikwisha kukaa chini zaidi ya dakika 4, kizima au kimekufa. Wale tunaowaona ukumbini wanasikiliza jambo lililokwisha pita. Hakuna rubani wa kumwongoza nahodha aingie bandarini. Kila uamuzi umefanywa zamani na kuandikwa ndani ya kompyuta, na kompyuta haiwezi kuuliza kitu.

Kwa hiyo anayetaka kujua vipi kigari kinatua salama asitazame dakika 7 zile. Atazame miaka iliyotangulia.

WARUSI NA SEKUNDE 20

Watu wengi wanaamini Wamarekani ndio waliokuwa wa mwanzo. Sivyo. Wa mwanzo kufika uso wa Mirihi ni Urusi ya Kisovieti. Mars 2 iliingia kwa pembe kali mno ikajibamiza tarehe 27 Novemba 1971. Siku tano baadaye, tarehe 2 Disemba, Mars 3 ikatua salama, ya kwanza katika historia. Ikaanza kutuma picha, na baada ya kama sekunde 20 ikanyamaza, haikusema tena mpaka leo.

Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatukukisikia: kiroboti kidogo cha kilo 4.5, kilichofungwa waya wa mita 15, ambacho kilikuwa kitembee juu ya miguu kama ya mtu anayeteleza juu ya theluji. Kwa maana hiyo gari la mwanzo la Mirihi lilikuwa la Kirusi, na halikupata kupiga hata hatua moja. Na Warusi hao hao, mwaka mmoja kabla, Novemba 1970, walikuwa wameshatua mwezini na Lunokhod 1, wakaiendesha kutoka Crimea kwa miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 10. Ujuzi walikuwa nao.

Kilichowaponza 1971 ni mambo mawili. Kwanza, sayari nzima ilikuwa imefunikwa na tufani ya vumbi. Pili, vyombo vyao vilikwisha pangiwa ratiba, havikuweza kungoja. Mariner 9 ya Marekani ilifika wiki hizo hizo, lakini yenyewe ilikuwa ya kuzunguka tu na iliweza kupewa amri mpya. Ikazunguka mpaka vumbi likatulia, ndipo ikapiga picha. Chombo kilichoweza kusubiri kilifaidi, na kisichoweza kilitumbukia ndani ya tufani.

Baadaye likaja la 1973, ambalo kwangu ni zito zaidi. Warusi walituma vyombo vinne kwa mpigo, Mars 4 mpaka Mars 7. Kabla havijarushwa, mafundi wao waligundua kwamba transista zilizomo ndani, ambazo baadhi ya sehemu zake zilikuwa zimebadilishwa kutoka dhahabu kuwa alumini ili kupunguza gharama, zilikuwa zinaoza mapema. Kuzibadilisha zote kungewakosesha nafasi ya kurusha, maana nafasi hiyo hutokea mara moja kila miezi 26. Wakaamua kurusha hivyo hivyo. Mars 7 iliikosa sayari yenyewe kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Mars 6 ilishuka tarehe 12 Machi 1974, ikatuma habari kwa dakika chache ikiwa ndani ya hewa, ikapotea ilipokaribia chini.

Na umma haukuambiwa. Huo ulikuwa utaratibu wa nchi: chombo cha Mirihi kikishindwa kutoka katika mzunguko wa dunia, kinapewa jina la Kosmos na namba, kama Kosmos 419 ya Mei 1971, halafu basi. Wahandisi wao hawakuwa wajinga hata kidogo. Lakini mtu wa mji mwengine, au mwanafunzi wa miaka kumi baadaye, angesoma wapi kilichotokea? Ujuzi ulifungiwa ndani ya vyumba ukazeeka humo. Urusi haijapata kutua tena Mirihi mpaka leo.

VIKING: HAPA PESA ZINA HAKI YAKE

Mtu atanipinga kwa Viking, na ana haki. Viking 1 ilitua tarehe 20 Julai 1976, Viking 2 tarehe 3 Septemba, zote mbili salama, jaribio la kwanza la Marekani. Mradi uligharimu kama dola bilioni 1 za wakati ule. Hapo pesa zilisema.

Walakini zilitumika vipi? Viking 1 ilikuwa itue tarehe 4 Julai, siku ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Rais, magazeti, wote wanangoja. Picha zilizopigwa kutoka juu zikaonyesha pahala palipochaguliwa ni pabaya. Wakaahirisha, sherehe ikapita bila ya kutua, wakatafuta pengine. Somo la tufani ya 1971 lilikuwa limeingia: chombo kiweze kungoja, na wakubwa nao waweze kungoja.

Viking iliacha urithi: umbo la ngao yake na namna ya parachuti yake ndizo zilizotumika, kwa marekebisho, katika vyombo vyote vya Marekani vilivyofuata. Lakini njia ya kumwaga pesa namna ile haikurudiwa. Miaka 21 ilipita bila ya Marekani kutua tena.

Kitu kimoja cha pembeni kwa sisi tunaoishi ughaibuni. Mwaka ule 1976, katika shamba moja huko Argentina, kijana aitwaye Miguel San Martín alikuwa anasikiliza habari za Viking kwenye redio ya masafa mafupi, idhaa ya BBC, kama wazee wetu walivyokuwa wakisikiliza. Baadaye alikwenda kusoma Marekani, akaingia maabara ya JPL, na akawa miongoni mwa mabingwa wa kuongoza vyombo vya kutua kutoka Pathfinder mpaka Curiosity. Redio ilimfikia kwa sababu jambo lile lilitangazwa.

MIFUKO YA HEWA

Tarehe 4 Julai 1997 Pathfinder ilitua kwa namna ambayo wengi waliicheka. Ngao ya joto, parachuti, roketi za kupunguza kasi dakika ya mwisho, kisha chombo kizima kikazungukwa na mifuko ya hewa, kikaachiwa kidunde kama mpira. Kilidunda mara 15 au zaidi, kikabiringika, kikatulia, kikafunguka kama ua. Ndani yake kikatoka kigari cha kwanza kutembea Mirihi, kilo 10 na kitu, magurudumu sita. Jina lake Sojourner, lililopendekezwa na msichana wa miaka 12 kwa heshima ya Sojourner Truth, mwanamke Mweusi aliyezaliwa mtumwa New York akaja kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa.

Mradi mzima ulikuwa kama robo ya gharama ya Viking bila hata kuhesabu thamani ya dola kushuka. Ulifaulu vipi? Mifuko ilijaribiwa ndani ya chumba kikubwa kisicho na hewa huko Ohio, ikarushwa juu ya mawe makali, ikachanika. Wakaongeza tabaka, wakarusha tena, ikachanika pengine, wakarekebisha tena. Kuchanika kote kulitokea duniani, mbele ya kamera, na kukaandikwa.

Baada ya hapo kikaja kiburi kidogo. Sera ya NASA wakati huo, chini ya Daniel Goldin, ilikuwa: haraka zaidi, bora zaidi, kwa bei ndogo zaidi. Pathfinder ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba vyote vitatu vinawezekana kwa pamoja, na kamba ikavutwa zaidi.

DISEMBA 1999

Hapa ndipo moyo wa habari yangu ulipo.

Tarehe 3 Disemba 1999 Mars Polar Lander ilianza kushuka karibu na ncha ya kusini ya Mirihi. Haikusikika tena. Na kwa kuwa ili kuokoa pesa walikuwa wameamua kisitume habari yoyote wakati wa kushuka, hapakuwa na hata herufi moja ya kuchunguza. Miezi miwili na kitu kabla yake, tarehe 23 Septemba, chombo mwenziwe kilichokuwa kizunguke sayari, Mars Climate Orbiter, kilikwisha potea kwa sababu kundi moja lilihesabu msukumo wa roketi kwa vipimo vya Kiingereza na jengine likazisoma hesabu zile kama za mfumo wa metriki.

Tume ziliundwa, na Machi 2000 ripoti zikatoka hadharani. Zinasomeka mpaka leo. Kuhusu Polar Lander, wachunguzi walikaa na michoro na programu, mstari kwa mstari, wakafika kwenye sababu wanayoiona kuwa ya karibu zaidi na ukweli. Chombo kilikuwa na miguu mitatu iliyokunjwa. Kila mguu una kihisio cha kusema "nimegusa chini," ili injini zizimwe. Miguu ilipokunjuka, kilomita kama moja na nusu juu, mshtuko wake uliweza kukidanganya kihisio. Programu ikalihifadhi neno lile. Ilipofika mita 40 kutoka ardhini, kompyuta ikauliza: tumegusa? Jibu lililohifadhiwa likasema: ndiyo. Injini zikazimwa. Chombo kikaanguka mita 40 zilizobaki.

Mstari mmoja wa programu, wa kufuta jibu la zamani, ungekiokoa.

Lakini ripoti haikuishia kwa mwandishi wa programu. Iliendelea kuuliza: kwa nini halikuonekana katika majaribio? Wakakuta kwamba jaribio la kukunjua miguu lilifanyika, ila waya za vihisio zilikuwa zimeunganishwa vibaya, kwa hiyo kosa halikujitokeza. Waya zikatengenezwa, jaribio halikurudiwa. Na kwa nini halikurudiwa? Hapo ripoti zikapanda ngazi mpaka juu: watu wachache mno, wanafanya kazi saa nyingi mno, kwa pesa zisizotosha, na wakubwa ambao hawakuambiwa hivyo au hawakutaka kusikia. Yote hayo yaliandikwa na serikali kuhusu taasisi ya serikali, yakachapishwa. Waungwana, nawaomba mlipime hilo kwa utulivu. Mfanyakazi wa chini hakutolewa kafara ili mambo yaishe.

WALIOSOMA RIPOTI

Matunda yake yalionekana mapema. Chombo cha kutua kilichokuwa kirushwe 2001, ndugu wa damu wa Polar Lander, kilizuiwa, kikafungiwa ghalani. Miaka baadaye kikatolewa, kikachunguzwa upya kwa jicho la ripoti ile, zikapatikana kasoro nyengine zilizokuwa zimejificha, zikarekebishwa. Kikapewa jina la Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni, na kikatua salama tarehe 25 Mei 2008, kwa miguu na injini, njia ile ile iliyoshindwa 1999. Na tangu 1999 chombo cha Marekani cha Mirihi hakishuki kimya. Kinasema njia nzima, ili kikifa kijulikane kimekufa wapi.

Spirit na Opportunity, magari mapacha ya kama kilo 180 kila moja, yalitua Januari 2004 kwa mifuko ya hewa. Katika majaribio ya 2002 parachuti zao zilichanika, na kwenye bomba la upepo la California zikagoma kufunguka sawasawa. Zikashonwa upya. Wakaongeza kamera ya kutazama chini wakati wa kushuka, ili kompyuta ijue kama upepo unakisukuma chombo kando. Spirit ilikuta upepo huo khasa, ikautambua, ikajirekebisha kwa roketi ndogo. Mapacha hawa walipangiwa siku 90 za Mirihi. Spirit ilidumu mpaka 2010, na Opportunity ilisikika mara ya mwisho Juni 2018, imeshatembea kilomita 45.

Wenzetu wa Uingereza watakumbuka Krismasi ya 2003. Beagle 2, chombo cha Waingereza, kilishuka tarehe 25 Disemba na kikanyamaza. Nacho hakikuwa na njia ya kusema wakati wa kushuka. Profesa Colin Pillinger, aliyeuongoza mradi, alifariki Mei 2014 bila ya kujua nini kilitokea. Januari 2015 picha za chombo cha Marekani kinachozunguka Mirihi zikakionyesha: kilikuwa kimetua! Kimekaa mzima, ila baadhi ya mabamba ya umeme wa jua hayakukunjuka, na antena ikabaki imefunikwa chini yake. Miezi minane zaidi, mzee wa watu angelijua hilo.

Linganisheni na Schiaparelli ya Ulaya, tarehe 19 Oktoba 2016. Hii ilianguka pia, lakini ilikuwa inasema. Parachuti ilipofunguka chombo kilizunguka kwa nguvu, kipimo cha mzunguko kikajaa kwa kama sekunde moja, na kompyuta ikafanya hesabu ikapata kwamba iko chini ya ardhi. Ikaachia parachuti na kuzima injini baada ya sekunde 3, kumbe bado iko kilomita 3.7 juu. Mwezi Mei 2017 Ulaya wakatoa ripoti. Chombo kimekufa, ila sababu imejulikana kwa sekunde.

KAMBA

Curiosity ilileta tatizo jipya: kilo 899. Mfuko wa hewa wa kuubeba uzito huo haupo. Miguu nayo ina taabu zake: gari kubwa linakaa juu ya meza ndefu, jiwe moja linaweza kuipindua, na injini zilizo karibu na ardhi zinachimba mashimo na kurusha mawe. JPL wakaja na fikra iliyoonekana ya kichaa: injini zibaki juu, gari literemshwe kwa kamba, kama winchi ya bandarini inavyoteremsha kontena. Tarehe 6 Agosti 2012, kwa saa za kimataifa, ikafanya kazi katika kreta ya Gale.

Perseverance, kilo 1,025, ilifuata njia hiyo 2021, na hii ndiyo tuipitie zamu kwa zamu.

Chombo kinaingia hewani kwa kilomita 19,500 kwa saa, ngao ikitangulia. Ngao inapata joto la kama nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kinajigeuza kwa roketi ndogo ili kisiende kombo. Baada ya kama dakika 4, kilomita 11 juu, kasi imeshuka kuwa kama kilomita 1,500 kwa saa, na parachuti ya upana wa mita 21.5 inafunguka. Sekunde 20 baadaye ngao inaachiwa ianguke, na rada na kamera zinaona ardhi kwa mara ya kwanza. Kamera inalinganisha inachokiona na ramani iliyomo ndani, na kompyuta inachagua pahala pa usalama. Kilomita 2 hivi juu, gari na mtambo wake wa injini 8 vinajitoa ndani ya ganda na kuiacha parachuti. Injini zinapunguza kasi. Mita 20 juu, gari linateremshwa kwa kamba, magurudumu yakikunjuka. Linagusa ardhi kwa kilomita 2.7 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea. Visu vinakata kamba, mtambo unaruka ukaanguke mbali.

Kila zamu hapo ina kaburi nyuma yake. Jaribio la kurushwa mara nyingi ni la parachuti za 2002. Kamera ya kutazama chini ni ya 2004, iliyokuzwa. Kusema njia nzima ni ya 1999. Ngao ni ya Viking. Na hata parachuti, iliyokwisha fanya kazi 2012, haikuaminiwa kwa mazoea: baada ya parachuti nyengine kubwa za majaribio kupasuka 2014 na 2015 juu ya Hawaii, NASA wakarusha roketi tatu kati ya 2017 na 2018 ili kuijaribu ya Perseverance peke yake.

Faida yake inapimika. Eneo la kulenga la Pathfinder lilikuwa na urefu wa kilomita 200. La Curiosity, kama 20 kwa 7. La Perseverance, 7.7 kwa 6.6. Kreta ya Jezero, penye mdomo wa mto wa kale, ilikataliwa wakati wa Curiosity kwa hatari yake. Miaka 9 baadaye ikafikika. Aliyetangaza kutua ukumbini siku ile, Dkt. Swati Mohan, alizaliwa India akaletwa Marekani mtoto mchanga.

NA WACHINA? NA GHUBA?

Mtu ataniambia: mbona Wachina wametua jaribio la kwanza, Zhurong, Mei 2021, kilo 240? Kweli, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini hawakuanza sifuri. Walikwisha tua mwezini 2013 na 2019, wakajifunza huko kuning'inia mita 100 juu na kutafuta pahala pasipo mawe, na Zhurong ilifanya vivyo hivyo. Na kumbukumbu za miaka 50 za wenzao, za kufaulu na za kuanguka, zilikuwa wazi kwa kila msomaji.

Kwa ndugu zetu wa Ghuba lipo la karibu zaidi, ingawa ni la mwezini. Tarehe 25 Aprili 2023 kigari cha Imarati, Rashid, kilo 10, kilipotea pamoja na chombo cha kampuni ya Kijapani ya ispace kilichokibeba. Mwezi uliofuata kampuni ikaeleza yenyewe: chombo kilipita juu ya ukingo wa kreta, ardhi ikashuka ghafla kilomita 3, kompyuta ikadhani rada imeharibika ikaacha kuisikiliza. Ikaendelea kushuka polepole, ikijiona imefika, mpaka mafuta yakaisha kilomita 5 juu. Na pahala pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya mpango kupitishwa, mfano wa kompyuta haukuupitisha ukingo ule. Ni waya za 1999 tena, kwa sura nyengine. Jaribio lao la pili, Juni 2025, nalo lilianguka. Kuandika kosa moja hakukukingi na kosa jipya. Kunakukinga na lile lile.

India waliangusha Vikram Septemba 2019. Wakarudi mezani: wakaimarisha miguu, wakaongeza mafuta, wakalipanua eneo la kutua kutoka nusu kilomita kwa nusu kilomita kuwa kilomita 4 kwa 2.4. Tarehe 23 Agosti 2023 wakatua, na kigari cha Pragyan kikatoka.

KWA HIYO

Pesa ni lazima, sibishi. Akili ni lazima. Lakini mizani ya historia hii inaelemea kwengine. Anayetua salama mara ya pili ni yule aliyeanguka mara ya kwanza akasema: tumeanguka, hapa, kwa sababu hii, na aliyesababisha ni mfumo wetu toka juu mpaka chini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima akubali kuitazama koleo ilipovunjikia.

Sisi nchi zetu hazirushi vyombo Mirihi. Tunajenga madaraja, mabwawa, bandari, mitaala ya skuli, mifumo ya uchaguzi na vivuko. Vingine vinaanguka. Tume zinaundwa. Suali langu kwenu wasomi, na khasa nyinyi mnaofundisha: ni ripoti ngapi za kushindwa kwetu zinazosomeshwa katika vyuo vyetu, kama wanafunzi wa uhandisi duniani wanavyosomeshwa ile ya Machi 2000? Anayezijua atutajie, tuanze kuzikusanya.

Nawasilisha. Mwenye la kuongeza au la kupinga, uwanja ni wake.